Chuma, Plastiki na Tumbo la Bwana Kahindi

Siku ya kuniaga, vijana wa chumba cha kamera walinipa keki, saa ya ukutani na daftari tupu. Keki tuliimaliza pale pale. Saa imeshasimama. Daftari ndilo hili, na ombi lao lilikuwa niandike "yale ya muhimu". Nimekaa nao vya kutosha kujua wanachokitaka: wanataka kujua namna ya kunyoosha waya uliojikunja bila daktari kuona. Hilo nitawaeleza. Lakini kuna jambo jingine ambalo sikumweleza mtu yeyote pale kazini, na nitalifikia nikishawazoesha sauti yangu.

Niliacha shule darasa la saba, kule Likoni. Sitasema ni dhiki, maana marehemu mama angeninuna. Nilichoka kukaa. Baada ya hapo nikawa utingo wa lori la saruji, fundi wa baiskeli Kisauni, mpakiaji wa majani ya chai kwenye ghala la Changamwe, mchoraji wa mabango ya maduka, na mlinzi wa kiwanda kwa wiki mbili. Ulinzi nilifukuzwa kwa haki kabisa. Jenereta lilikuwa likifunguliwa nyuma, nami sikuwahi kuona jenereta kwa ndani, kwa hiyo lango likajilinda lenyewe.

Hospitalini niliingia kubeba mitungi ya oksijeni. Hospitali yenyewe iko upande huu wetu wa bara, na jina lake halina kazi hapa. Siku ya tatu nilipita kwenye mlango uliokuwa wazi kidogo, nikaona kioo cha televisheni, na ndani ya kioo njia ya rangi ya waridi, yenye mikunjo, inayometameta. Nikaweka mtungi chini.

"Hii ni wapi?" nikauliza.

Muuguzi aliyekuwa amenipa mgongo hakugeuka. "Ni tumbo la mtu. Funga mlango."

Nikaufunga, nikiwa ndani.

Huyo ndiye Sista Filomena, mtu wa Kitui, mfupi, mwenye saa ya kubandika kifuani na Kiswahili cha kupasulia kuni. Mimi Mlikoni nilijiona mwalimu wake wa lugha. Yeye alijiona mwalimu wangu wa mambo mengine yote, na alikuwa sahihi.

"Ulisoma mpaka wapi wewe?" aliniuliza nilipohamishiwa kwake rasmi.

"Mpaka nilipochoka, sista."

"Hapa tunachoka saa kumi jioni. Shika brashi."

Kamera ile ni mpira mweusi mrefu unaopita kinywani mwa mgonjwa mpaka tumboni. Ndani yake mna vijitundu vya kupitishia maji, hewa na vifaa, na kila kijitundu hupitishwa brashi ndefu, tena na tena, mpaka brashi itoke safi kama ilivyoingia. Sista alikuwa na amri moja: "Osha kama wewe ndiye utaimeza kesho." Nilidhani ni maneno ya kutishia wageni. Mwaka ule ule nikaugua vidonda vya tumbo, nikalazwa juu ya kitanda nilichozoea kukifuta, nikaimeza. Nilijua vizuri nani ameiosha. Nikiwa na mpira kooni niliwakumbuka wagonjwa wote wa Ijumaa, siku niliyokuwa nikiosha kwa haraka niwahi msikitini, nikawaomba radhi mmoja mmoja kimoyomoyo.

Kabla ya kuoshwa, kamera hujazwa upepo ikazamishwa ndani ya maji, ukatazama kama inatoa povu. Ikitoa, imetoboka. Sista alianza kunieleza jambo hili kwa upole mkubwa, kama anayemweleza mtoto habari ya kifo.

"Sista," nikamwambia, "hii ni pancha."

"Ndiyo. Ni pancha." Tangu hapo kipimo kile akaniachia, na hakuwahi kunirudia nyuma yangu kukihakikisha. Miaka yangu minne ya kuziba mipira ya baiskeli ilikuwa imepata mwenyewe.

Sasa niingie kwenye kongosho, maana huko ndiko tulikochafukia viatu. Kongosho limelala nyuma ya tumbo, mahali ambapo mtu halikumbuki mpaka liumwe. Kazi yake ni kutoa maji makali ya kuyeyushia chakula. Likijeruhiwa, maji yale huvuja yakaanza kumyeyusha mwenyewe. Mwili nao haukubali. Huyazungushia ukuta, ikawa mfuko. Mfuko hukua. Nimeona wenye ukubwa wa papai na nimeona wenye ukubwa wa kichwa cha mtu, umelisukuma tumbo hata mgonjwa akila vijiko viwili vya uji anasema ameshiba, na cha tatu anakirudisha. Zamani dawa yake ilikuwa kisu. Alipokuja Daktari Rukia, akasema mfuko umeegemea tumbo, kwa hiyo tutautoboa kutokea ndani ya tumbo na uchafu utoke kwa njia ya chakula.

Daktari Rukia ni mwanamke wa Mombasa hasa, sauti yake ya chini, na pale ambapo madaktari wengine hutukana, yeye husema "taratibu". Anapoisema mara mbili mfululizo, jua kwamba mambo yameharibika.

Siku zile tulikuwa na plastiki peke yake. Ni vijirija vyembamba, unene wake kama mrija wa soda, na kila kimoja kimejikunja ncha zote mbili ili kisiteleze upande wowote: mkunjo mmoja ndani ya mfuko, mmoja ndani ya tumbo. Wazungu, kwa sababu ya mikunjo hiyo, waliviita mikia ya nguruwe. Nami nina ugonjwa wa kutaka kila mtu aelewe. Alikuwapo mzee mmoja wa Kisauni, mwalimu wa madrasa, amelazwa akisubiri zamu yake, akaniuliza atawekewa nini. Nikamweleza kwa uaminifu wote kwamba ni mikia miwili ya nguruwe. Alishuka kitandani na dripu mkononi, akafika mpaka kwenye ngazi.

"Kombo," akasema Daktari Rukia, "ni nani aliyekutuma utafsiri?"

Kuanzia siku hiyo vikaitwa mikia ya kinyonga. Mwalimu alirudi, akalala, na kabla ya dawa ya usingizi kumchukua akataka kuhakikishiwa kwamba kinyonga naye hayumo.

Kazi ya plastiki ilikuwa ndefu. Kamera yetu ya pili ina kifaa cha mawimbi kwenye ncha, kinachoona ng'ambo ya ukuta wa tumbo kama wanavyomtazama mtoto wa mjamzito. Daktari akishauona mfuko na kuhakikisha hapana mshipa wa damu njiani, anaingiza sindano. Ndani ya sindano unapita waya. Sindano inatoka, waya unabaki. Juu ya waya linakwenda puto la kupanua tundu, kisha mkia wa kwanza, kisha waya tena, kisha mkia wa pili, na wakati wote huo eksirei imewaka na sisi tumevaa aproni za madini ya risasi, za kuzuia miale, zenye uzito wa mbuzi. Mshika waya ni mimi. Ukiuvuta kidogo tu umepoteza tundu na kazi inaanza upya.

Hapa ndipo mahali pa siri mliyoitaka. Waya ukijikunja, haunyooki. Nimejaribu kwa meno. Mwambieni daktari, mchukue mwingine.

Mfuko ukiwa na maji matupu, mikia miwili ilitosha kabisa, mgonjwa akala wali siku ya pili. Tatizo lilikuwa mifuko yenye madonge. Kongosho likifa kipande, kile kipande hakiyeyuki kikawa maji. Kinabaki kama nyama iliyochemka kupita kiasi, na wewe una mrija wa soda. Ni sawa na kunywa makande kwa mrija. Tulirudia wagonjwa wale mara tatu, mara nne, mikia ikaziba, homa ikapanda, na wengine walirudi kwenye kisu.

Ndipo kikaja chuma. Kilikuja kwenye boksi refu, na mimi ndiye niliyepewa kulifungua, jambo ambalo halikuwa la busara maana nilikaa nalo saa nzima. Kina umbo la kigurudumu cha uzi wa cherehani: kipana juu, kipana chini, chembamba kiunoni. Kimefumwa kwa waya laini kama unywele na kuvishwa ngozi nyembamba ya mpira. Kimebanwa ndani ya bomba jembamba, na ukikiachia kinafunguka chenyewe kikarudi kwenye umbo lake, hata ungekikunja namna gani. Tundu lake linapitisha kidole gumba. Bomba lina ncha ya umeme inayotoboa yenyewe, kwa hiyo hapana tena puto wala sherehe nyingine. Siku ya kwanza Daktari Rukia alikifungua upande wa mfuko, akakivuta mpaka kikaegemea ukuta, akakifungua upande wa tumbo. Nilikuwa sijamaliza kufunga aproni. Uchafu ulimiminika hata kioo kikawa cheusi, na daktari, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akasema "Lo!"

Zaidi ya hapo, kupitia tundu lile aliweza kuingia na kamera yenyewe ndani ya mfuko na kuyatoa madonge moja moja. Nilipenda chuma kile kama watu wanavyopenda timu ya mpira. Sista Filomena alikuwa timu ya plastiki.

"Plastiki haina maneno mengi," alikuwa akisema. "Inakaa, inanyamaza. Hicho chuma chako ni kama mgeni wa Krismasi. Kizuri, lakini lazima ujue siku yake ya kuondoka."

"Sista una wivu."

"Mimi nina macho."

Mwamuzi alikuwa Daktari Rukia, na hukumu yake hii iandikeni ukutani. Maji matupu: plastiki na chuma vinakaribiana, tumia ulichonacho. Madonge: chuma. Lakini chuma kinatolewa kabla ya wiki nne kwisha, baada ya picha kuonyesha mfuko umenywea. Plastiki inaweza kukaa. Na mgonjwa ambaye mrija wa kongosho lake umekatika, kwa hiyo litaendelea kuvuja daima, huyo anatolewa chuma na kuachiwa plastiki, pengine kwa maisha yake yote.

Hapo ndipo anapoingia Bwana Kahindi.

Bwana Kahindi alikuwa na yadi ya vyuma chakavu Chaani. Mtu mpana, mwenye mikono kama koleo, aliyeletwa amekonda hata pete ya ndoa ameifunga kwa uzi. Kila aliyesikia kongosho alimwuliza habari ya kunywa mnazi. Hakuwa ameuonja maishani mwake. Lilikuwa jiwe la nyongo lililokwama njiani, na maswali ya mnazi yalimuuma kuliko jiwe. Mfuko wake ulikuwa mkubwa na umejaa madonge. Chuma, bila ubishi.

Asubuhi ya kazi alitetemeka hata kitanda kikalia. Mtu anayetetemeka vile hata dawa ya usingizi inamkataa. Nikasogea.

"Bwana Kahindi, wewe unafanya kazi gani?"

"Vyuma."

"Basi umefika kwenu. Wengine hapa wanawekewa plastiki. Wewe umepandishwa daraja. Chuma."

Akafumbua jicho moja. "Chuma gani?"

"Chuma chenye akili. Ukikikunja kinarudi. Plastiki ni ya watu wa kupita tu. Hiki ni cha wenyewe."

"Chuma chenye akili," akarudia, na kitanda kikanyamaza. Akamtazama mkewe, Mama Sidi, aliyesimama mlangoni. "Umesikia? Nawekewa chuma."

Nilijisifu kimoyomoyo. Daktari Rukia alikuja baadaye akamweleza lini arudi kukitoa, yeye akaitikia kwa kichwa, na ninaapa hakusikia hata neno moja. Alikuwa bado yuko na langu.

Kazi ilikwenda vizuri. Aliingiwa na kamera mara mbili zaidi, madonge yakaisha, homa ikashuka, akaenda nyumbani akila. Wiki ya tatu ikapita hakuja. Sista Filomena akapiga simu, akaambiwa mzee hajambo, anapakia lori. Wiki ya nne akapiga tena, akaambiwa na Kahindi mwenyewe, kwa adabu zote, kwamba anashukuru lakini chuma chake hakitoi.

"Eti hakitoi," Sista aliniambia, ameishika simu mbali kama inanuka. "Anasema amepandishwa daraja. Nani amemwambia habari ya daraja?"

Nilikuwa naosha kamera. Niliendelea kuiosha. Wallahi haijawahi kuoshwa vile.

Nililijua la kuogopa. Mfuko unapojaa, ncha ya ndani ya chuma inaelea. Mfuko ukinywea, ncha ile inakutana na ukuta wa nyuma, na huko nyuma ndiko inakopita mishipa mikubwa ya damu. Chuma hakichoki kusugua. Tulishaona mtu mmoja aliyeletwa amechelewa, na siku hiyo Daktari Rukia alisema "taratibu" mara nyingi mno, kisha akanyamaza, na mgonjwa yule hakutoka hai.

Siku yangu ya mapumziko, katikati ya wiki ya tano, nikaenda Chaani. Sikumwambia mtu. Mfukoni nilitia chuma cha kufundishia, kile kilichopitwa na tarehe, nikidhani akikiona kilivyo kidogo hatakililia.

Nilimkuta kwenye yadi, amekaa juu ya injini ya basi, ananenepa. Alinikumbatia. Tukaulizana hali, watoto, wazee, mvua, majirani. Huwezi kumwendea mtu wa kwetu na kuanza na tumbo lake. Robo saa ilipita ndipo nikatoa chuma.

"Ndicho hiki?" Akakipokea kwa vidole viwili. Akakiminya, kikarudi. Akakiminya tena. Kisha akafanya jambo ambalo sikulifikiria: akavuta kutoka shingoni sumaku yake, ile wanayotembea nayo watu wa vyuma, imefungwa kwa kamba ya kiatu, akaigusisha. Haikunata. Akajaribu upande wa pili. Haikunata.

Nikafurahi. "Unaona? Hata si chuma cha kweli."

Alinitazama kwa huruma. "Kombo, hujui kazi. Sumaku inashika nini? Mabati. Misumari. Takataka. Shaba haiishiki. Alumini haiishiki. Kitu ambacho sumaku haikishiki ndicho kitu." Akakipandisha kwenye mwanga. "Nami ninacho ndani. Na mnataka kukitoa."

"Daktari atakuwekea kingine pale pale."

"Kipi?"

Nilijua nikitamka nimekwisha, nikatamka. "Plastiki."

Wafanyakazi wawili waliokuwa wakikata fremu walizima mashine.

"Plastiki!" Kahindi alicheka hata akashika ubavu. "Mimi? Hapa hata mlangoni haipiti. Wewe mwenyewe ulisema ni ya watu wa kupita."

"Nilisema."

"Basi?"

Mama Sidi akaniokoa, akatoka katika nyumba yao iliyo pale pale yadini, akaleta sima, mchicha wa nazi na samaki wa kukaanga, tukanawa. Kahindi alimega matonge mawili akaacha. Alipoinuka kuchukua maji alishika mlango, akasimama hapo zaidi ya inavyohitajika. Nikamtazama viganja. Vilikuwa vyeupe.

"Bwana Kahindi, choo chako kikoje?"

"Astaghfirullahi, wewe! Tunakula!"

"Mjibu," akasema Mama Sidi.

"Mke wangu, mgeni ame..."

"Mjibu, au nitamjibu mimi."

Kahindi akashusha sauti ili wafanyakazi wasisikie. "Tangu juzi ni cheusi. Kama oili ya gari iliyopitisha muda."

Ile ni damu. Damu ikitoka juu, ikifika chini huwa nyeusi, na Sista alinifunza hilo kabla hajanifunza kufunga mlango. Mzaha wote uliniisha. Nikasukuma sahani.

"Sikiza, bwana. Nilikupamba. Ulikuwa unatetemeka, nami nilitafuta neno la kukutuliza. Hapana daraja. Chuma kile ni jembe. Limelima, limemaliza, linatolewa shambani. Plastiki ndiyo ya kukaa, kwa sababu bomba lako la ndani limekatika na litavuja siku zote. Kosa ni la mdomo wangu. Sasa mfuko umenywea na chuma kinagusa nyuma."

Alinuna. Nilidhani atanitoa. Lakini macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye injini aliyokuwa ameikalia.

"Kinagusa na kunyamaza," akasema polepole, "au kinagusa na kusugua?"

"Kinasugua. Kila unapopumua."

"Bomba la breki likisugua fremu..." alianza.

Sikummalizia. Mmoja wa wale wafanyakazi ndiye aliyesema, bila kujua tunazungumza nini: "Linatoboka, bosi. Na huoni mpaka ukanyage."

Kahindi akavua sumaku shingoni, akamkabidhi mkewe. "Leta gari," akasema. Hatua ya tatu akaporomoka, tukamshika watu watatu.

Hospitalini damu yake ilikuwa imepungua vibaya. Walimwongezea chupa mbili, wakampiga skani kuangalia kama mshipa umevimba mahali. Ulikuwa bado, umechubuka tu. Daktari Rukia alisimama kando ya kitanda akiwa ameshavaa aproni, nami mezani nikipanga vifaa ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangika.

"Bwana Kahindi, tulikupigia mara mbili. Kwa nini hukurudi?"

Mikono yangu ikasimama. Sista Filomena alikuwa akitazama mahali fulani baina ya sikio langu na ukuta.

Kahindi alinitupia jicho, kisha akaligeuza. "Nilikuwa safari, daktari. Malindi. Kuna trekta bovu."

"Wiki mbili, kwa trekta moja?"

"Ni trekta kubwa."

Daktari akaandika katika faili kwamba mgonjwa alichelewa kwa safari ya kikazi. Ningeweza kufungua mdomo pale, na kwa mtu aliyeufungua kila mahali pasipohitajika, hapo ndipo palipohitajika. Sikuufungua. Hilo, vijana wangu, ndilo jambo nililosema nitalifikia.

Chuma kilitoka kwa shida. Nyama ilikuwa imeanza kukipanda mdomoni, na kilipoachia, damu ikafuata. "Taratibu," akasema Daktari Rukia. Nikashika waya. "Taratibu." Hiyo ilikuwa ya pili, nikaanza kusoma kimoyomoyo dua niliyoijua. Akapuliza maji, akatafuta, akapata mahali penye kuvuja, akapachoma, tukangoja. Hakuna aliyepumua isipokuwa mashine. Pakakauka. Kisha kwa tundu lile lile akapitisha mkia wa kinyonga wa kwanza, na wa pili, kimya kimya, ikajikunja mahali pake.

Tangu wiki ile, mgonjwa wa chuma aliyepita mikononi mwangu alisikia kwanza tarehe ya kukitoa, ndipo akasikia jina la kitu chenyewe. Sista Filomena aliona mabadiliko hayo na hakuuliza chochote hadi alipostaafu. Siku ya kuondoka alinipa mkono na kusema, "Trekta kubwa," akaenda zake Kitui.

Lakini nirudi kwenye kitanda. Nilikaa na Kahindi mpaka dawa ilipomtoka. Alifumbua jicho moja, lile lile.

"Kombo."

"Naam."

"Wametoa?"

"Wametoa. Damu imesimama. Utapona."

"Alhamdu..." Akapumzika. "Na wameweka?"

"Wameweka. Mbili."

Aliitazama dari, mtu mzima aliyenusurika, na nikaona jambo la pekee lililokuwa likimwuma bado. Akanivuta kola mpaka sikio langu likafika mdomoni pake.

"Lako nimelificha mbele ya daktari," akanong'ona. "Na langu lifiche. Watu wa vyuma wasijue."

Nikamwahidi. Langu ndilo hili, nimelitoa mwenyewe, na mtakaloniwazia niwazieni. La kwake bado naliweka. Jina lake si Kahindi, yadi yake haiko Chaani, na kati ya wanaopakia malori huko Changamwe leo hii, wanene, wakipiga kelele juu ya bei ya shaba, yeyote anaweza kuwa ndiye mwenye plastiki tumboni.